Arobaini Ndani ya Mabati

Kifungua mimba wangu nilimzaa Gongoni, katika kaskazi ya joto kali ambayo watu wa huko bado wanaitaja. Mvua za vuli zilikuwa zimepita bila kunyesha. Mume wangu, kibarua kwenye mashamba ya chumvi, alirudi kila siku midomo imempasuka.

Chumba chetu kilikuwa cha mabati juu mpaka chini, na kidirisha kimoja. Mavyaa, mamake mume wangu, alitoka Jilore kuja kunilea, akaja na masharti yake: mzazi hatoki mpaka arobaini iishe, mlango ufungwe, upepo usimpige. Sikuweza kubishana naye. Ndiye aliyenikanda, akanipikia uji, akamfulia mtoto. Lakini ikifika saa nne asubuhi mabati yalianza kualika kwa joto, na kufikia saa saba huyagusi. Nililala kwenye saruji, sehemu moja ikipata moto nasogea nyingine, mpaka sakafu ikaniishia.

Siku ya kumi na tisa mtoto alikataa ziwa. Nguo zake hazikuwa zimelowa tangu alfajiri. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, naomba tufungue mlango."

"Siku bado, mwanangu. Ukipigwa na upepo utaumwa mgongo hadi uzeeni."

"Huo upepo uko wapi, mama?"

Alizidi kumpepea mjukuu wake kwa kipepeo cha ukili, jasho likimdondoka kidevuni.

Nilimtazama mtoto tena, nikainuka, nikavuta komeo. Nuru ilinipiga usoni nikapepesuka. Sikuwa na viatu, na mchanga uliniunguza nyayo, lakini nilikaza mwendo mpaka jiko la makuti la jirani. Mwenyewe hakuwepo. Ndani mlikuwa na kiza, na mtungi wa maji. Nikaketi chini, nikalowesha pembe ya leso, nikaanza kumfuta mtoto kichwa na kifua, huku nikisubiri kutukanwa.

Mavyaa alinifuata na kikombe na kijiko. Hakunitazama. Aliniambia nikamue, akamtilia mtoto maziwa mdomoni tone baada ya tone. Mengi yalimwagika shavuni. Kisha akameza. Akameza tena, akaachia kilio cha hasira ambacho nadhani kilisikika barabarani.

Mavyaa aliketi kwa kishindo.

"Nimezaa saba," akasema, "wote kwenye nyumba ya udongo na makuti. Bati mimi silijui."

Alasiri ile tulimpeleka zahanati, na muuguzi akatuambia tumnyonyeshe kila mara na tusimrudishe kwenye joto lile. Mavyaa alizungumza na jirani, akatundika leso pande tatu za lile jiko. Arobaini niliimalizia humo, katikati ya moshi na kuku, nikiwa bado mfungwa, ila napumua.

Jioni ile mume wangu aliporudi kutoka kazini akatukuta huko, aliuliza nani aliyemruhusu mzazi kutoka nje.

"Mimi," akajibu mamake.