Mise au point ya Tate

Juzi, kwenye sherehe ya komunyo, simu ya mpwa wangu, aliyekuwa akirekodi video, ilikuwa ikirukaruka yenyewe, mara ilenge uso wa bibi mmoja, mara keki. Nikamkumbuka Tate, nyanya yangu.

Alasiri ile ya harusi ya dada, nikiwa bado mtoto, ua wetu hapa Bunia ulinukia sombe, mboga ya majani ya muhogo, na makaa. Tate alikaa nyuma ya maua. Mjomba, aliyeshika kamera, alinung'unika: "Otomatiki iko nashika maua tu. Ngoja nimufanyie Tate mise au point."

Mise au point niliyoijua mimi ni ile ya baba: unasimamishwa mbele ya watu wote, unasomewa makosa yako. Nikakimbia kumkinga Tate, mikono nimeitanua.

"Tate hana kosa!" nikalia.

Kumbe mjomba alikuwa akizungusha tu pete ya lenzi ili sura ya Tate itoke wazi. Otomatiki, kamera ikijilenga yenyewe, ingenifuata mimi niliyekuwa karibu. Lakini mkono wa mjomba kwenye pete uliiacha lenzi imlenge Tate. Kwenye video ile mimi ni ukungu mwekundu wa gauni, na juu ya kichwa changu Tate anacheka, hata pengo lake linaonekana.