Askari Aliyetolewa Bure

Bi Lamara hakuwa mtu wa kushindwa kimya. Alipomlaza mfalme wake ubaoni kukiri kushindwa na kumpa mpinzani wake Vakho mkono, alilalamikia moshi wa jiko, kisha akalaumu kiti. Wazee wa klabu ya sataranji pale mjini Kutaisi walicheka chini chini. Mmoja akamkumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Walimjua. Tangu usichana wake anashona mapazia ya watu, na tangu usichana anafungua mchezo kwa njia moja, ya kumtoa askari bure mapema ili kete nyingine zipate nafasi. Marehemu mama yake, aliyemfundisha njia hiyo, aliingia nayo kwa mumewe kama bibi harusi, pamoja na ubao, vyungu na magodoro. Lakini safari hii Lamara alikuwa ameapa moyoni: akishindwa tena, njia hiyo anaizika. Na kumzika mama mara ya pili kulimuuma kwelikweli.

Pale klabuni hushindwi ukaenda zako. Mnapanga kete upya na kuupitia mchezo pamoja, hata kama unatamani ardhi ipasuke ikumeze. Vakho, kijana fundi wa magari, akamsogezea chai, wakaanza. Walipofika pale farasi wa Lamara alipokwenda pembeni kufidia askari aliyetolewa bure, Vakho akasita.

"Hapa ulikuwa unataka nini, Bi Lamara?"

"Askari wangu."

"Si ulinipa mwenyewe?"

Lamara akamwangalia farasi wake ubaoni.

"Mpaka hapa nilikuwa nakuogopa," Vakho akasema. "Ulipomrudia, nikapumua."

Lamara akamrudisha farasi alikotoka, akamsogeza malkia kumkabili mfalme wa Vakho. Kijana akajaribu kujitetea huku, akajaribu kule, asipate njia, chai ikapoa. Wazee waliacha kucheka wakavuta viti.

Zamani, kila Lamara alipomkodolea macho askari aliyeliwa, mama alikuwa akimchapa kikofi mkononi. Miaka yote hiyo alidhani ni adabu za mezani tu; kumbe alikuwa anafundishwa asimrudie askari aliyemtoa. Furaha ikamjaa mpaka akashindwa kuificha.

Akamwokota askari pembeni mwa ubao, akamtia Vakho mfukoni mwa shati.

"Kaa naye, mwanangu. Jumapili tukicheza nakupa mwingine, na huyo simdai."

Vakho hakucheka. Alikuwa bado anamtazama malkia.