Mama Aliyejibu Kila Barua Pepe

Miaka ile Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya, nilikuwa nasimamia chumba cha intaneti karibu na stendi. Kompyuta zilikuwa nne, moja mbovu, na mimi mwenyewe sikuwa na subira hata chembe. Mteja akiuliza jambo mara mbili, nilikuwa nahema kwa nguvu ili asikie.

Mteja wangu wa kila Jumamosi alikuwa mama mmoja wa Bagara, mwalimu mstaafu aliyehamia mjini kutoka milima ya Mbulu. Mwanawe wa pekee alikuwa anasoma India. Simu mama hakuwa nayo bado, kwa hiyo waliandikiana barua pepe. Jumamosi moja alikuja amenyong'onyea. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila neno.

"Labda anaumwa, mwanangu," aliniambia. "Au amenichoka."

Nikavuta kiti, nikatazama. Kisanduku chake cha barua pepe kilikuwa kimejaa pomoni. Enzi hizo nafasi ilikuwa finyu, na kikijaa, barua mpya haziingii na zako hazitoki. Humo mlikuwa na taka tupu: dawa za kuotesha nywele, bahati nasibu za nchi asizozijua, wajane wenye dhahabu ya kurithisha. Nilipofungua barua alizowahi kutuma, nikashika kichwa. Alikuwa amewajibu wote!

"Mama, hawa ni matapeli! Ukiwajibu wanajua kuna mtu huku, wanaleta nyingine na kugawiana anwani yako."

"Mtu ameniita mpendwa, ameniuliza hali. Nimnyamazie?"

Nilimfokea, nakiri. Kisha nikasoma majibu yenyewe. Mjane aliyedai ana saratani alipewa pole na kuahidiwa maombi kanisani. Muuza dawa za nywele aliambiwa, kwa Kiingereza safi cha kiualimu, kwamba nywele za mama bado zipo, asante, na je, huko kwao mvua imenyesha? Nilitaka kucheka, nikaacha, maana karibu kila barua ilimtaja mwanawe: anasomea uhandisi, hapendi pilipili, anaandika mara chache kwa sababu masomo ni mengi. Niliona aibu kwa ile sauti niliyompandishia.

Tukaanza kufuta. Nilimwonyesha jinsi ya kuweka alama, kufuta, kisha kumwaga pipa la taka, kwani lisipomwagwa nafasi hairudi. Nikamwambia barua ya mtu asiyemjua asiifungue kabisa. Tulipomfikia yule mjane, alinishika mkono.

"Huyu amefiwa na mume."

"Mama, huenda hata si mwanamke."

Akaguna, kisha akabofya mwenyewe kuifuta.

Jumatatu nilimkuta mlangoni kabla sijafungua. Nilimwamkia, akaitikia huku anaingia. Safari hii barua ilikuwepo, ya mwanawe: "Mama, kila nikiandika barua inarudi. Nimekukosea nini? Kama umenikasirikia, niambie tu."

Aliisoma mara mbili. Nikasogeza kiti changu mbali, nikajifanya nafuta vumbi kwenye ile kompyuta mbovu. Yeye akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akitamka kila neno kama anayesomesha darasa la kwanza, nami nikalazimika kusikia:

"Mwanangu. Mimi. Sikunyamaza."