Kipimo Kisicho na Mstari

Habari za kifo chake zilinifikia kwenye kundi la mtaa katika simu, kati ya tangazo la maji kukatika na picha ya paka aliyepotea. Jirani yangu wa hapa mtaani Jamhuri, mwenye nyumba za kupangisha, amefariki kwa malaria. Marehemu husemwa mema, nami nitayasema upesi yaishe: alikuwa mkarimu wa chai, na hakuwahi kunicheka kwa kushinda nyumbani nimevaa sweta kama mgonjwa. Hilo la pili ni uongo. Alinicheka kila siku.

Malaria aliitoa kwao Kibwezi, alikokwenda likizoni na shemeji yake. Aliporudi akitetemeka, nilimwambia aende hospitali. "Jirani, foleni ni ya watu wasiojua kusoma," akasema, akanionyesha vipimo vya damu, vile vijisahani vya plastiki vyenye karatasi ndani. Humo hamna mashine. Unadunga kidole, unaweka tone la damu, unaongeza matone ya dawa yake, na karatasi huivuta damu yenyewe kama chapati inavyonyonya mchuzi, mpaka mistari ijitokeze. Shida ni kwamba chupa ya dawa hiyo huwa moja kwa boksi zima, naye vipimo alivinunua rejareja huko mjini, kama vitunguu.

"Na yale matone?" nikamuuliza.

"Damu si ni maji tayari? Wacha woga, mzee."

Tone likaganda palepale lilipoangukia. Tukanywa chai. Alipokiinua kipimo, hakikuwa na mstari hata mmoja. "Unaona? Mwenye malaria hupata miwili, mzima hupata mmoja. Mimi hata huo mmoja sina. Niko safi kupita kiasi."

Nikamwambia mstari ule wa kwanza ni wa kifaa chenyewe, kinasema kimefanya kazi. "Wewe wa kidato cha nne umekuwa daktari lini?" akaniuliza. Nikanywa chai yangu. Kwa ubishi sina kifua.

Hospitali hakwenda, wala sikushangaa. Wapangaji wake walipokosa maji, alibadilisha namba ya simu, kisha akatuambia kwa fahari kwamba hakuna hata mmoja aliyelalamika. Na tusimcheke peke yake. Mji huu umejaa wakubwa wenye masanduku ya maoni yaliyopotelewa na ufunguo, na kila mwaka hutangaza kwamba wananchi wameridhika. Kuanzia Kitisuru kwa matajiri hadi hapa kwetu, tunapenda kifaa kipya kuliko jibu lake, na kimya tunakiita afya.

Kwenye matanga, shemeji yule alikuwa amejifunika blanketi juani. "Wacha nijipime," akasema, akinyoosha mkono kwenye vile vipimo vilivyobaki. "Marehemu aliniachia."

"Alikuachia na kaburi pia?" Nilivitia mfukoni. Mimi, ambaye kuvuka Ngong Road ni safari ya kuagwa, nilimpeleka hospitali, tukakaa foleni na wasiojua kusoma. Walimdunga, wakaweka damu, wakaweka matone. Damu ikapanda. Mistari miwili.

"Nashukuru Mungu," akasema shemeji, na muuguzi akamtazama kama mwendawazimu. Yuko hai, anameza dawa, na ananiita daktari. Ndugu msomaji, ukiletewa jibu la kukufurahisha, uliza kwanza kama kilicholeta jibu hilo kiko macho.