Misumari Kumi na Mmoja ya Mama Pindo

Kwenye ukuta wa kibaraza cha Mama Pindo, juu kidogo ya cherehani yake, kulikuwa na ubao wenye misumari kumi na mmoja. Kwenye kila msumari ulining'inia ufunguo wa nyumba ya jirani, umefungwa kipande cha kitambaa cha pazia la nyumba hiyo. Mapazia yote aliyashona yeye, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuandika jina la mtu. Akiona mistari myekundu anajua ni kwa fundi bomba; akiona maua ya njano, ni kwa mwalimu.

"Mama Pindo, shikamoo, nakuachia mlango!" Ndivyo watu walivyokuwa wakimpitia asubuhi wakienda kazini, na wakirudi kila mtu anachukua wake. Mtaa uliishi hivyo miaka kumi na tisa, na Mungu ni shahidi, haukupotea hata ufunguo mmoja.

Kisha wizi ukaingia. Mara ya kwanza, mwaka uliopita, wezi walivunja mlango kwa nondo. Mwenyekiti wa mtaa, dereva wa malori aliyestaafu, akaitisha kikao, akaenda mwenyewe dukani, na nyumba zote zikapata kufuli mpya, nzito, za rangi ya shaba. Watu wakatulia. Lakini mwezi huu, ndani ya wiki tatu tu, nyumba nne ziliibiwa mchana kweupe, na safari hii hakikuvunjwa kitu. Kufuli imefunguliwa, televisheni imetoka, kufuli imefungwa tena kwa adabu zote, utadhani mwizi ni mgeni aliyelelewa vizuri.

Na nyumba zote nne, funguo zake zilikuwa zikikaa kwa Mama Pindo.

Hakuna aliyemwambia neno usoni. Ila walianza kuja mmoja mmoja, macho chini. "Mama, huu ngoja niwe natembea nao." Kufikia Ijumaa, misumari saba ilikuwa mitupu.

"Mama, warudishie na hizo nne zilizobaki," binti yake alimsihi. "Wakikuita mwizi, hata jina la marehemu baba litachafuka."

"Anayekimbia bila kufukuzwa ana lake jambo, mwanangu. Kesho kuna kikao, nitakwenda. Nipe mkasi."

Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, nesi wa nyumba ya kona alirudi kutoka zamu, macho mazito kwa usingizi. Alikuwa mmoja wa wale wanne ambao bado walimwachia ufunguo. Mama Pindo alikuwa na pini mdomoni, anampimia mteja sketi. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akampa ufunguo. Nesi akaenda, akafungua, akalala. Jioni akapita tena.

"Shika, shoga yangu, nafika sokoni mara moja."

Mama Pindo akaupokea, akatazama kile kitambaa. Mapazia ya nesi yalikuwa ya njano tupu. Hiki kilikuwa na maua.

"Wewe, uliingiaje kwako?"

"Kwa mlango. Ulitaka nipite dirishani na kiuno hiki?"

"Huu ni wa mwalimu."

Nesi akacheka, halafu kicheko kikamkatikia katikati. "Mbona huu umefungua kwangu?"

Wakatazamana. Nesi akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Nenda sokoni, ndugu yangu," Mama Pindo akasema polepole. "Na usimwambie mtu mpaka kesho."

Kabla ya kulala alisali kama kawaida yake. Hakumwomba Mungu amwaibishe mtu. Alimwomba mkono usitetemeke, basi.

Kikao kilikaa uani kwa mwenyekiti, saa kumi alasiri. Fundi redio ndiye aliyeanza. Huyu tangu zamani alikuwa akisema ufunguo ni kama mswaki, hauazimwi, na wake aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Tusizungukezunguke jamani! Kikulacho ki nguoni mwako. Kufuli haikuvunjwa, ufunguo ulikuwa kwa nani? Mbona mimi sijaibiwa? Wangu huu hapa!" Akaupigapiga kifuani.

Watu wakaguna. Mwenyekiti akakohoa. "Mama Pindo, una la kusema?"

"Ninalo, kaka, ila halisemeki tukiwa tumekaa. Fundi, kwako umefunga?"

"Kwa mkono wangu huu."

"Basi tusindikizane."

Kikao kizima kikanyanyuka, viti vikabaki peke yavyo. Mlangoni kwa fundi redio, Mama Pindo akatoa ufunguo wa nesi wenye kitambaa cha njano, akauingiza kwenye kufuli, akazungusha. *Ka!* Kufuli ikaachia.

Fundi redio akajishika shingo. Ufunguo wake ulikuwepo. "Uchawi!"

"Si uchawi, baba. Ni boksi moja. Kufuli zetu zote zilitoka duka moja, siku moja, na funguo zake ni ndugu wa tumbo moja. Aliyenunua moja tu pale dukani ana funguo za mtaa mzima mfukoni."

Wakajaribu nyumba kwa nyumba. Milango tisa ya kwanza ikafunguka yote, wakaacha kujaribu. Mwenyekiti akaketi kwenye ngazi kama gunia.

"Mimi ndiye niliyezichagua."

"Ulitutakia heri, kaka. Mimi mwenyewe nilisema zinang'aa."

Jumapili kila nyumba ikabadilisha kufuli, kila mtu kutoka duka tofauti. Jumatano, saa tano asubuhi, Mama Pindo alimwona mwanamume mgeni akihangaika kwenye mlango wa fundi bomba, ufunguo wa rangi ya shaba mkononi, akiutazama kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

"Baba, huo umepitwa na wakati!" akampazia sauti kutoka kibarazani.

Mtaa ukatoka. Mikono ilikwisha kuinuliwa, lakini Mama Pindo alisimama mbele ya yule mwizi na futi yake ya kupimia shingoni. "Apelekwe polisi na meno yake yote. Sisi hatukulelewa hivyo." Akapelekwa, na meno yake yote.

Funguo zikarudi moja moja, na hakuna aliyeombwa kueleza kwa nini alikuwa ameuchukua wake. Ijumaa akaja fundi redio, anajikuna kisogo, kufuli mpya, ufunguo mpya.

"Shikamoo, mama. Kama kuna nafasi... ila mimi kwangu sina pazia."

"Marahaba. Si una ile suruali ya kaki uliyoniletea nitie kiraka?" Mama Pindo akakata kipande cha kaki, akakifunga kwenye ufunguo kwa mafundo mawili. Kisha akamnyooshea nyundo na msumari mpya, wa kumi na mbili.

"Gonga mwenyewe, baba. Sawasawa na wenzake."