Tupa Hiyo Hasi

Mwaka 2014 Musoki, mke wa kaka yangu, alirudi kidato cha nne akiwa mtu mzima, akakaa dawati moja na mimi, wifi yake mdogo. Mwanawe wa kwanza alimfia tumboni hospitalini hapa Bwera, mkunga akiwa mmoja kwa wodi nzima. Tangu hapo alitaka ukunga na hakutaka kingine. Chuo kilidai afaulu hesabu, na hesabu ilishamwangusha mara moja. Wasichana walimcheka alipouliza maswali. Mficha uchi hazai, akawajibu, akaendelea kuuliza.

Mwalimu Tefiro alipofika kwenye milinganyo ya kipeo cha pili, alifundisha kwa mashamba, maana sote tulikuwa watoto wa jembe. Shamba la kahawa lina eneo la mita arobaini za mraba, urefu unazidi upana kwa mita tatu. Upana ni ngapi? Majibu yalitoka mawili: tano, na hasi nane.

"Nani amewahi kulima shamba ya upana negativu nane?" akauliza. "Tuifanye nini?"

"Tupa!" darasa zima likaitikia.

Musoki aliitikia kuliko wote. Kwa mara ya kwanza hesabu ilimwingia, kwani mashamba aliyajua; amelima ya watu tangu utotoni. Nilifurahi naye, lakini yule mwalimu mpaka leo simpendi. Alipenda kuitikiwa kuliko kueleza.

Siku ya mtihani maswali yalikuja makavu, bila shamba wala kahawa. Tulipotoka alinikumbatia.

"Wifi, zote nimepata! Zile za negativu nimetupa, moja moja. Hata ile ya grafu, nimechora upande ya kulia tu."

Maswali yale yalitaka majibu yote mawili, na mchoro ulitaka kushuka kushoto na kupanda kulia. Kazi aliijua, akaikata kwa mkono wake mwenyewe.

Alianguka tena, na chuo kikamkataa. Sasa anafua mashuka ya wodi ya wazazi. Damu ya wanawake wenzake anaiona kwenye beseni tu. Inaniuma kila nikimwona.

Juzi tulipita nyuma ya shule, tukasikia darasa likipaza sauti: "Tupa!" Musoki akatua beseni, akasogea dirishani.

"Mwalimu, usiwaambie vile. Siku ingine haiko shamba."

Tefiro hakumsikia. Watoto walikuwa bado wanaitikia.