Niliombewa Nikiwa Ngazini

Kusengenywa nimesengenywa, tena sana, na sijawahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo. Mtu akinisema nyuma ya mgongo najua la kumfanya: namsema na mimi, tunakuwa sare, maisha yanaendelea. Lakini kuombewa ni jambo jingine. Mtu akikusema ndani ya maombi humwezi. Ukinuna, wanasema mnaona, shetani kaguswa. Ukicheka, wanasema moyo umekuwa mgumu. Basi unabaki umekaa na hasira yako kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe.

Aliyeniombea alikuwa rafiki yangu kuliko wote hapa Marekani. Mkenya wa bara, muuguzi katika hospitali moja ya mjini Washington, mcheshi, mkaidi, mpenda chai. Mimi ni Mtanzania wa Mbeya, nafanya kazi katika maabara ya chuo kikuu huko College Park. Kazi yangu ni kukuza seli kwenye visahani na kuangalia zinavyokula dawa na kufa. Tulikutana kwenye ibada ya nyumbani ya watu wa Afrika Mashariki, inayofanyika Jumamosi jioni kwenye besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, kwa familia moja kule Fairfax. Yeye alikwenda kwa sababu anaamini. Mimi nilikwenda kwa sababu ya nyimbo, na pilau, na raha ya kuitwa dada na watu wasioniuliza jina langu linatamkwaje.

Kwamba siamini, sikuwa nimemwambia mtu. Alinigundua mwenyewe. Siku moja mtu alisimama kushukuru kwamba Mungu amemponya shemeji yake, nami bila kujijua nikaguna. Mguno mdogo tu. Wakati ananipeleka stesheni na gari lake akaniuliza, "Wewe Mtanzania, hiyo 'mh' ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia. Nilidhani atanishusha palepale barabarani. Akacheka mpaka akakosea njia. "Kumbe," akasema. "Na ndiye anaimba alto kutushinda sisi wote."

Ndivyo tulivyoanza kukutana Jumamosi asubuhi, mtaa wa Shaw, kwenye mkahawa mdogo wa mama mmoja wa Kihabeshi anayejua kutia iliki. Mimi nilishuka na treni ya njia ya kijani kutoka College Park, yeye akaja kwa miguu akitoka zamu, bado amevaa zile nguo za bluu za wodini. Mwanzoni tuligombana vibaya sana. Yeye akileta habari ya mgonjwa aliyefufuka baada ya maombi, mimi nauliza habari ya yule wa kitanda cha pili, aliyeombewa vilevile akafa. Mimi nikieleza seli zinavyogawanyika, yeye anauliza nani alizifundisha. Nikisema "nyie watu wa dini", ananikata: "Mimi si nyinyi. Niko hapa peke yangu na chai yangu." Mwenye mkahawa alikuwa akituletea mkate tusioagiza, nafikiri ili tuzibe midomo.

Halafu yeye ndiye aliyeleta dawa ya ugomvi wetu, akaitoa wodini.

"Huko kazini," alisema, "mwenzangu akinikabidhi mgonjwa, simjibu. Namrudishia kile ameniambia, mpaka aseme ndio, ni hivyo. Hapo ndio naweza kuuliza swali. Nisipofanya hivyo, mtu anakufa."

Tukaanza kufanya hivyo. Jamani, ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Alisema hadithi ya uumbaji haimgombanishi na kitabu cha biolojia, kwamba kwake siku sita au mamilioni ya miaka ni mamoja. Nikarudisha, "Unasema Mwanzo ni hadithi tu." Akatikisa kichwa. "Sijasema 'tu'. Hiyo 'tu' ni yako." Nikajaribu tena, na tena, mpaka nikasema, "Unasema kile kitabu hakikuja kueleza vitu vilitengenezwaje. Kilikuja kusema vinapendwa." Akasema ndio, akainua kikombe. Sikukubaliana naye, na sikubaliani naye hadi leo, lakini kwa mara ya kwanza nilijua ni nini hasa nisichokubaliana nacho.

Ikafika zamu yangu. Akarudisha, "Unasema kanisa lilikuumiza."

"Hapana."

"Unasema masomo yalikuharibu."

"Hapana, dada. Nisikilize."

Akaweka kikombe chini. Kisha akasema polepole, "Unasema hakuna mtu alikuumiza. Hakuna kitabu kilikupotosha. Imani ilitoka tu yenyewe, kama jino la mtoto, na pale mahali pamepona."

Nikasema ndiyo, na macho yakanijaa machozi, mimi nisiyelia ovyo. Hakuna mwamini aliyewahi kunisikia namna ile. Wote walikuwa wakinitafutia kidonda. Nilimpenda sana siku ile, na nasema hivyo ili ijulikane nilikopandishwa kabla sijaangushwa.

Basi nikampa na lile la mwisho, nililokuwa nimelificha kuliko yote.

Nyumbani kwetu baba ndiye aliyefunga maombi. Kila Jumapili baada ya chakula, anasimama, anakohoa kidogo, anaomba kwa maneno yaleyale ya miaka yote, na katikati ana mahali pa kunitaja mimi, mtoto wake wa pekee: "na huyu uliyetupa, umlinde njiani." Alipofariki mimi nikiwa tayari huku, mama alibaki peke yake na ile nyumba. Jumapili ya kwanza baada ya msiba nilimpigia simu, tukaongea, mwishoni akasema, "Haya mwanangu, tufungie." Nikafunga. Kwa maneno ya baba, yote, hata lile la njiani. Nilimsikia akilia, lakini kilio cha kutulia. Tangu hapo kila Jumapili ni hivyo. Nikisema neno la mwisho, ananisubiri nianze Amina, kisha anaiitikia, ndipo anakata simu.

Nilimwambia rafiki yangu: pale ninapofunga sina ninayemwomba. Naongea na mama. Namtunzia sauti ya baba. Huo si uongo kwangu, ni kazi ya mtoto. Lakini mama akijua, atakuwa amefiwa na baba mara ya pili, na safari hii muuaji ni mimi.

Akarudisha yote, neno kwa neno, hakukosea hata moja. Nikasema, "Na hili lisitoke hapa mezani."

"Unasema lisitoke hapa mezani," akarudisha.

"Ndiyo."

Sasa, pale Fairfax kuna desturi. Kabla ya kula, watu hutoa mahitaji ya maombi. Na kwa kuwa sisi ni wastaarabu, hatutaji majina. Mtu anasimama, anasema kuna ndugu mmoja, sitaji jina, kaachwa na mke wake, yule wa Maryland mwenye pikapu nyeupe. Tunainamisha vichwa tukiwa tumeshamjua mpaka rangi ya viatu. Nilikuwa nikiicheka sana desturi hiyo. Na usicheke kilema, mama angesema, hujafa hujaumbika.

Jumamosi hiyo nilichelewa. Nilibeba bakuli kubwa la kachumbari. Mlango wa juu ulikuwa wazi, nikavua viatu kama tunavyovua wote, nikaanza kushuka ngazi za zulia kwa soksi. Hakuna aliyenisikia. Nikasikia sauti ya rafiki yangu ikitoka chini.

"Ndugu zangu, niko na ombi. Kuna dada mmoja, sitaji jina. Anafanya kazi ya maabara."

Nikasimama. Nilijiambia, acha hizo, maabara ziko nyingi.

"Si ati kuna mtu alimuumiza," akaendelea. "Imani ilimtoka tu, kama jino la mtoto." Alikuwa analia. "Na kila Jumapili anafungia mamake maombi kwa simu, na hana mwenye anaomba. Anamtunzia tu sauti ya babake. Naomba tusimame na yeye. Na tusimame na huyo mama, hajui."

Maneno yangu. Hakuongeza, hakupunguza. Angenizulia ningeweza kukana, lakini alinirudisha kama tulivyofundishana, kwa uaminifu wote, mbele ya watu wenye sahani mkononi.

Wakaanza kuomba wote kwa pamoja, ule muungurumo unaojaza nyumba. Sauti moja ikapanda juu ya nyingine, ya mama mmoja wa kwetu Mbeya, ambaye dada yake anakaa benchi moja na mama yangu kanisani. "Na huyo mama, Bwana, mfunulie," alisema. "Mfunulie." Nilijua palepale kwamba Bwana hatasumbuliwa kwa kazi hiyo. Simu ipo.

Niliweka bakuli kwenye ngazi nikapanda juu, nikavaa viatu, nikaondoka. Nilitembea hadi kituo cha basi nikiongea peke yangu kwa sauti, maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Kachumbari ndiyo iliyomwambia rafiki yangu kwamba nilikuwepo. Alipiga simu siku nzima iliyofuata, sikupokea. Mama nilimpigia, nikamfungia, akaitikia Amina kama siku zote. Jumamosi nilikwenda Shaw, kwa sababu nilitaka aniangalie usoni. Alikuwa amefika kabla yangu. Chai yake ilikuwa imepoa.

"Sikutaja jina," alianza.

"Ulitaja maabara. Kuna Waswahili wangapi wanaofuga seli kule ibadani?"

"Haki, nilikuwa nimelemewa. Nimekuombea peke yangu hiyo miezi yote, naona mzigo umenishinda. Kwetu mzigo mzito unabebwa na wengi. Mimi sikuambia watu. Niliambia Mungu."

"Mungu wako hasikii ukiwa jikoni kwako? Mpaka umwambie mbele ya watu wanaosubiri pilau?"

Akafuta macho na kiganja. "Si unirudishie. Si ni sheria yetu? Nirudishie nimesema nini."

Nusura nisimame niondoke. Lakini sheria ni sheria, nikamrudishia. "Unasema ulifanya kwa kunipenda."

"Ndio."

"Unasema muda wote huo, hapa mezani, uliponisikia vizuri hivyo, ulikuwa unasikiliza mgonjwa."

Aliangalia kikombe chake, na mimi nikaelewa kitu ambacho ningepaswa kukielewa siku ile ya kwanza alipoleta habari za wodini. Muuguzi harudishi maneno kwa sababu anakuheshimu. Anarudisha ili asikosee atakapomkabidhi mgonjwa kwa zamu inayofuata. Zamu iliyofuata ilikuwa Fairfax.

"Umenisaliti," nikamwambia. "Lirudishe hilo."

"Unasema nimekusaliti," akasema.

"Ndiyo."

Sikumaliza chai. Mwenye mkahawa alileta mkate, akatutazama, akarudi nao.

Watu huniuliza, hasa vijana wa pale kazini, kama mtu asiyeamini na Mkristo mwenye akili zake wanaweza kukaa wakazungumza habari za Mungu na sayansi bila kurushiana viti. Nawaambia wanaweza, nimefanya, na chai ilikuwa nzuri. Kusikilizana si kazi kubwa hivyo. Kazi ni yule anayekusikiliza kukubali kwamba huumwi. Rafiki yangu aliweza mambo yote isipokuwa hilo, na mimi sina hakika kama dini yake inamruhusu. Simchukii. Nikiona nguo za bluu za wodini kwenye treni bado moyo unaruka, halafu unakumbuka, halafu unauma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, kesho yake baada ya Shaw, nilimpigia mama saa ileile. Aliniambia mvua imekatika, mahindi yamesinyaa, jirani kaezeka upya. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na mimi mjinga nikaanza kutulia. Aliniuliza kama huku kuna baridi. Nikasema ipo kidogo. Akasema vaa vizuri.

Kisha tukafika pale mahali pa maombi, na mimi nikakohoa kidogo kama baba alivyokuwa akikohoa, nikisubiri aniambie nimfungie.

"Leo nitafunga mwenyewe," mama akasema.

Aliomba kwa maneno yake, ambayo sikuwahi kuyasikia, mafupi, yanayojikwaa, ya mtu ambaye maisha yake yote amefungiwa maombi na wengine. Aliombea mvua. Aliombea wagonjwa wa kanisani, akamwombea na jirani. Nilisubiri lile la njiani na halikuja. Alipofika mwisho nilikuwa nimeshafungua mdomo, kwa sababu siku zote hunisubiri nianze. Akaisema mwenyewe Amina, upesi, akakata simu, na yangu ikabaki mdomoni.